Kitunguu cha Miguel Hernández

Wiki hii nimeshinda na washairi wa Kihispania, na kila mara najikuta kwa wale waliofungwa. Wako wengi ajabu. Fray Luis de León, mtawa aliyefundisha chuo kikuu cha Salamanca, alikamatwa na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi, mwaka 1572. Mojawapo ya makosa yake ni kuutafsiri Wimbo Ulio Bora kwa lugha ya watu wa kawaida. Alikaa ndani karibu miaka mitano. Yohane wa Msalaba alifungiwa Toledo mwaka 1577 na watawa wenzake wa shirika la Wakarmeli (wenzake, jamani!), akawekwa kwenye chumba kidogo chenye giza na kuchapwa viboko. Humo akatunga beti za bibi arusi anayemtafuta mpenzi wake milimani na mitoni. Agosti 1578 aliteremka dirishani usiku, akatoroka.

Lakini aliyeninyima usingizi ni Miguel Hernández, mchunga mbuzi wa Orihuela aliyetolewa shule na babake ili akachunge. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipoisha mwaka 1939, yeye aliyekuwa upande wa Jamhuri, ulioshindwa, akatupwa jela. Mkewe, Josefina, akamwandikia kwamba hana chakula ila mkate na vitunguu, na mtoto bado ananyonya. Miguel akajibu kwa bembelezi.

Mtoto yumo katika susu ya njaa, anasema, ananyonya damu ya kitunguu. Kisha badala ya kulaani anamwomba acheke: kicheko chako kinanifungua, kinanipa mbawa. Na mwishoni anamsihi asijue yanayotokea. Hapo ndipo niliweka kitabu chini.

Kati ya washairi wa Hispania wa enzi hiyo, García Lorca ndiye anayetajwa kwanza kila mahali, na sina ugomvi na hilo. Ila mimi namweka Hernández mbele kwa shairi hili moja. Baba asiyeweza kupeleka maziwa wala senti afanye nini? Kubembeleza hakuhitaji kitu mkononi. Angeandika shairi la hasira, na haki angekuwa nayo, lakini mtoto angelifanyia nini?

Walimhukumu kifo, wakabadili kuwa miaka 30. Kifua kikuu hakikungoja: alifia gerezani Alicante tarehe 28 Machi 1942, akiwa na miaka 31.

Kesho naanza César Vallejo wa Peru, naye alionja jela ya Trujillo. Nimechungulia kurasa za mwanzo za *Trilce*, kitabu chake cha mashairi. Ni kazi ngumu ile, nitahitaji chai nyingi.