Rangi ya kitunguu: nilivyoupata mwanga wa kurekodia mapishi

"Mwanangu, hicho kitunguu kimeungua, au ndivyo unavyowafundisha watu?"

Mama alinipigia kutoka Tanga usiku uleule nilipopandisha video yangu ya tatu, ya pilau. Kitunguu hakikuwa kimeungua. Nilikiepua kikiwa na kahawia iliyoiva sawasawa, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe. Lakini nilipoitazama upya ile video nikaona alichokiona: kitunguu cheusi, nyama ya kijivu, na uso wangu umefifia mbele ya vigae vyeupe vya ukutani mpaka macho hayaonekani.

Nilikosa usingizi kwa jambo hilo. Pilau yetu haipati rangi kwa kitu kingine, inaipata kwa kitunguu. Ukikiwahi, pilau inatoka nyeupe. Ukikichelewa, inatoka chungu, na kati ya hayo mawili ni dakika moja au mbili tu. Aliyesimama karibu nawe jikoni ananusa na kuonja. Anayejifunza kwa video ana macho peke yake. Nikimwonyesha rangi ya uongo, nimemfundisha uongo.

Jikoni kwangu ni padogo, nyumba ya kupanga, Tabata, Dar es Salaam. Kuna dirisha moja linalotazama kusini, lenye nondo na wavu wa mbu, na balbu moja katikati ya dari. Nilikuwa nikirekodi chini ya balbu hiyo huku dirisha likiwa mgongoni kwangu. Baada ya simu ya mama nikaenda kununua ringi laiti, ile taa ya duara yenye mguu, kwa shilingi 35,000. Kila niliyemuuliza aliniambia nianze na hiyo.

Kwa uso, sawa, ulionekana. Kwa chakula ilikuwa hasara. Duara la taa lilitokea ndani ya mafuta, kwenye mgongo wa kijiko, ubavuni mwa sufuria na kwenye miwani yangu. Halafu wali ukawa kama umepigwa pasi, punje hazitofautiani. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Tunaijua punje ya mchele kwa kale kakivuli kembamba kanakolala upande wake. Taa ikikaa palepale ilipo kamera, vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu, na chakula kinabaki bapa. Ile taa bado ninayo, naitumia ninapozungumza bila kupika, lakini anayetaka kurekodi chakula nisingemshauri aanze nayo.

Kilichonifungua macho ni umeme kukatika. Ilikuwa Jumamosi mchana, niko katikati ya mchuzi wa samaki wa nazi. Tui zito lilikuwa linangoja kwenye bakuli na samaki wameshaingia, sikuweza kuacha. Nikaendelea kwa mwanga wa dirisha tu. Baadaye, wakati wa kuunganisha vipande, nikaona nusu ya kwanza mchuzi uko kama maji ya mchicha, na nusu ya pili una rangi ya manjano yenyewe, ile binzari tunayoijua. Sufuria ni ile ile, simu ni ile ile.

Nikaanza kusoma maandishi madogo kwenye maboksi ya taa. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Balbu ya njano ya sebuleni huwa 2700 hadi 3000, mwanga wa jua la mchana hukaribia 5500, na ile balbu nyeupe yenye ubluu iliyojaa madukani kwetu ni 6500. Mimi nilikuwa nimewasha zote tatu: dirisha, balbu ya dari, na ringi laiti niliyoiweka kwenye njano. Simu haiwezi kuzifuata rangi tatu kwa pamoja. Inachagua moja, kisha nikisogeza mkono inabadili mawazo, na mchuzi unageuka rangi mbele ya mtazamaji. Tangu siku hiyo, dirisha likiwa wazi, balbu ya dari naizima. Sikulipia chochote, na hakuna nilichonunua baadaye kilicholeta tofauti kubwa kama hiyo.

Dirisha nalo lilitaka kazi. Niligeuza meza ili mwanga uingie kwa ubavu na nyuma kidogo ya sufuria, nikafua wavu wa mbu uliokuwa umebeba vumbi la miezi, na upande wa pili nikasimamisha lile pande la foamu nyeupe lililokuja na boksi la televisheni. Foamu inarudisha mwanga kwenye kivuli bila kukiua. Kuisogeza sentimita kumi tu kunaonekana kwenye picha.

Kuna jambo la jua letu ambalo sikulipata katika maelekezo yoyote niliyotazama, kwa kuwa wengi wanaofundisha wanaishi kaskazini, mbali na ikweta. Wao hushauri dirisha la kaskazini, ambako kwao jua haliingii. Dar es Salaam jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha langu la kusini linaleta mwanga laini, ule wa anga, mchana kutwa. Oktoba ikishafika jua linahamia kusini, na vivuli vya nondo vinalala juu ya sinia kama mistari ya daftari. Miezi hiyo naning'iniza shuka jeupe dirishani kwa vibanio vya nguo. Mwenye dirisha la kaskazini afanye kinyume changu.

Shida ni kwamba nafanya kazi za watu siku za wiki. Nikirudi nyumbani ni saa moja na nusu, giza limeshaingia. Ilibidi nitengeneze dirisha la usiku.

Nilikwenda Kariakoo nikiwa na mfuko wenye nyanya moja, kipande cha binzari ya manjano na kitambaa chekundu nilichokikata kwenye kanga kuukuu. Muuzaji wa kwanza akaniambia, "Dada, chukua hii ya wati 20, usiku utadhani mchana." Nikamwomba, "Kaka yangu, niwashie kwanza niione." Nikaweka nyanya chini ya taa na kuielekezea simu. Nyanya ikafifia, ikawa na rangi ya tofali. Wingi wa mwanga na ukweli wa rangi ni vitu viwili tofauti, na cha pili kina kipimo chake, CRI, ambacho mwisho wake ni 100. Balbu nyingi za kawaida ziko kwenye 80. Hata hiyo 80 ni wastani wa rangi nane zilizopauka, nyekundu iliyokolea haimo. Hiyo ina namba yake, R9, ambayo ni nadra kuikuta kwenye boksi. Ndiyo maana nyama na nyanya ndizo zinazoumia kwanza. Kwa nyekundu naiamini nyanya yangu kuliko boksi.

Kipimo cha pili nilikifanya papo hapo: nikaisogeza kamera ya simu karibu na balbu iliyowashwa. Nyingine zilileta mistari mieusi inayopanda na kushuka, dalili kwamba taa inapepesa. Hizo niliziacha dukani. Mwishowe nilipata balbu mbili kwenye duka la vifaa vya kamera, zinazofungwa kwa kuzungusha, wati 15 kila moja, boksi limeandikwa 5500K na CRI 95. Bei ilikuwa mara nne ya balbu ya kawaida, na sijaijutia hata siku moja. Zote mbili zikiwaka kwa muda wa saa tatu hazifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti ya luku.

Fundi umeme alinifungia holda mbili kwenye ubao mmoja, na swichi yake. Nauegemeza ubao upande uleule wa dirisha, kisha mbele yake, kama sentimita 60, natundika shuka kwenye kamba. Mwanga hutawanyika kwenye shuka lote, na sasa taa yangu si balbu tena, ni shuka lenye upana wa zaidi ya mita. Ukubwa huo ndio unaolainisha vivuli. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuliweka shuka mbali ili lisionekane kwenye picha. Mwanga haupungui kwa hesabu ya kawaida: ukiusogeza kutoka mita moja hadi mbili, unabaki kama robo. Tena shuka likiwa mbali linakuwa dogo machoni mwa chakula, na vivuli vinarudi kuwa vikali. Sasa nalisogeza mpaka linakaribia kugusa ukingo wa picha. Kosa la pili lilikuwa shuka lenyewe: la kwanza lilikuwa rangi ya maziwa, likapaka kila kitu unjano. Tumia jeupe kabisa, la pamba. Na liwe mbali na moto, upande ambao upepo wa dirishani hauwezi kulipeleka kwenye jiko la gesi. Hilo nalikagua kila mara kabla ya kuwasha kiberiti.

Mistari ya kwenye video ilibaki kidogo hata kwa balbu hizi. Umeme wetu ni wa Hezi 50, kwa hiyo taa zinazopepesa hupepesa mara 100 kwa sekunde, ilhali simu yangu ilikuwa ikirekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde. Nilipakua Blackmagic Camera, programu ya bure, nikaweka fremu 25 na kasi ya shata 1/50, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, mipepeso miwili kamili. Mistari ikakoma. Mchana, mwanga ukizidi, napandisha shata hadi 1/100, ambayo nayo inakwenda sawa na umeme wetu. Katika programu hiyo hiyo nafunga rangi kwenye 5500, nafunga na kiwango cha mwanga. Wakati wa masika wingu linapita kila dakika, na simu isiyofungwa inahangaika nalo mpaka mtazamaji anachoka.

Na uso wangu? Niliambiwa niongeze taa, nikaambiwa nipake poda ing'arishe. Yote mawili sikubaliani nayo. Vigae vyeupe nyuma yangu ndivyo vilivyokuwa vikiidanganya simu, inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga wa picha nzima. Nilitundika kanga yenye rangi nzito kufunika vigae, nikapima mwanga kwenye shavu langu, nikafunga hapohapo. Ngozi nyeusi hupendeza inapoakisi kitu kikubwa na laini. Balbu tupu inaacha kidoa cheupe kwenye paji la uso, lakini shuka linaacha mng'ao mrefu unaofuata umbo la shavu. Nikipaka mafuta kidogo ndiyo kabisa. Nilipojiona hivyo mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu ndivyo ninavyomwona mama akiwa amekaa barazani asubuhi.

Hiyo kanga imeniletea na jingine. Wiki iliyopita nilirekodi wali wa nazi usiku, shuka likiwa nyuma kidogo ya jiko. Nilipofunua sufuria, mvuke ukapanda mbele ya kanga, mweupe, unaonekana mpaka unavyojikunja. Miezi yote hiyo sikuwahi kuunasa, kwa kuwa mvuke ukipigwa mwanga kwa mbele haushikiki. Video hiyo sijaipandisha. Jenereta la jirani limeingia kwenye sauti kuanzia pale ninapotia tui la pili, na Jumamosi naurudia wali wote upya. Nazi nimeshanunua.