Baiskeli ya vita ilivyonishushia matoke Bududa

Nilichoka kuambiwa nikope pikipiki. Kila niliyemweleza shida ya kushusha matoke kutoka shambani kwangu Bududa, mashariki mwa Uganda, hadi barabara ya magari alinijibu hivyo hivyo: chukua boda, utalipa kidogo kidogo. Mvua ikinyesha huku, boda wanaegesha chini kusubiri pakauke. Matoke hayasubiri.

Dawa niliipata kwenye picha za vita. Mwishoni mwa 1953 Wafaransa walijichimbia Dien Bien Phu, Vietnam, wakiamini adui hataweza kupitisha shehena milimani. Wachukuzi wa Viet Minh, wapigania uhuru wa Vietnam, wakapitisha mchele kwa baiskeli za kawaida, nyingine zikibeba zaidi ya kilo 200, na Mei 7, 1954 ngome ikaanguka. Hawakuzipanda. Walizisukuma, wakizielekeza kwa mwanzi uliofungwa kwenye usukani.

Fundi akaniambia mwanzi utavunjika, lazima achomelee bomba la chuma kwenye usukani. Mteremko wa kwanza tu, bomba likang'oka pale pale lilipochomelewa, mikungu ikabingirika hadi mtoni. Hela yangu hakurudisha.

Nikazirudia picha. Mwanzi Mlima Elgon unao tele, si ndio unaotupa malewa, yale machipukizi tunayokula? Nikakata uliokomaa, nikaufunga upande wa kushoto wa usukani kwa vipande vya tyubu kuukuu, nikikaza kila mzunguko mpaka vidole vikauma. Siti nikaing'oa, kwenye tundu lake nikasimamisha mti mgumu unaofika kifuani. Mkono wa kushoto unaelekeza kwa mwanzi, wa kulia unashika mti: kupanda unasukuma, kushuka unavuta. Mwanzi ukikutana na jiwe unanesa kisha unarudi. Chuma kilikuwa kinapeleka kishindo chote kwenye kiungo. Mikungu ining'inie chini, pande zote mbili sawasawa.

Tyubu niliizungushia vitambaa vya suruali kuukuu, kama wale wachukuzi wa Vietnam. Na anayekwambia tairi likipasuka uendelee na rimu kama askari wa Japani kule Malaya mwaka 1941, usimsikilize. Wale walikuwa na barabara nzuri na mzigo wa mtu mmoja. Kwa mawe yetu rimu inapinda kabla hujafika kwa jirani.

Ukiacha hela ya yule fundi, sikutumia hata bei ya mkungu mmoja. Majirani sasa wanakuja kuomba mianzi, nami nawapa. Ila mteremko ukiwa mkali, funga kamba kwenye keria, mtu mwingine aivute kwa nyuma.