Mguu wa Mzee

Mwaka 2011 nilikuwa na miezi minne tu kama mwongoza watalii msaidizi, baada ya misimu mitatu ya kubeba mizigo Kilimanjaro. Kiingereza changu kilikuwa cha kupandia mlima: kunywa maji, kichwa kinauma, twende taratibu. Kwa kuongea kilitosha. Kuandika ilikuwa habari nyingine.

Safari hiyo tulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, mstaafu, mcheshi. Alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, akapiga picha, akalia kidogo. Wakati wa kushuka, chini ya Gilman's Point, kwenye ile changarawe inayoserereka na wewe, buti lake likanasa kati ya mawe mawili, mwili ukaendelea na safari. Akafika kambi ya Kibo ameniegemea. Buti halikutoka mpaka tulipolegeza kamba hadi tundu la mwisho, na kifundo kilikuwa kimeumuka kama andazi.

Tukamshusha hadi kambi ya Horombo kwa machela ya gurudumu moja, wapagazi wakipokezana. Kiongozi wetu akaniambia, "Dogo, andika ripoti, kisha uwasomee ofisini." Nikaandika: *The client was wounded in the leg.* Nikaisoma mara mbili, nikaridhika. Kuumia si *wound*? Mguu si *leg*? Ndivyo nilivyokariri shuleni, na mwalimu alinipa vema. Nikapanda kwenye jiwe linaloshika mtandao, nikamsomea dada wa ofisini Moshi neno kwa neno. Naye akaituma hivyo hivyo kwa wakala London, wakala akampigia binti wa mzee.

Kesho yake, Geti la Marangu, mzee aliwasha simu. Ikaita papo hapo. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Hapana, mwanangu. Hakuna aliyenipiga risasi." Akaniomba ile karatasi.

Nilijua bakshishi imekwenda na maji. Lakini alicheka mpaka akakohoa, akanikalisha kwenye benchi. *Wounded*, alisema, husemwa zaidi kwa aliyepigwa risasi au kuchomwa kisu, hasa vitani. Aliyeanguka ni *injured*. Na kama si jambo kubwa, *hurt* inatosha. Kisha akaikunja suruali, akapitisha biro yangu juu kidogo ya kisigino kama anayechora mpaka wa shamba. Chini ya hapa *foot*. Juu ya hapa *leg*. Mimi nikamwambia kwetu ni mguu tangu nyongani hadi kwenye kucha, na hakuna mtu aliyewahi kupotea. Akanitazama kana kwamba nimemwambia Waswahili hatuna magoti.

Akaanza kusahihisha. Akakata *wounded*, akaandika *injured*. Akaitazama bandeji yake, akakata na hiyo, akaweka *hurt*. Akakata *leg*, akaandika *foot*. Akaupapasa ule uvimbe, akanyamaza. Akakata *foot* pia, akaandika *ankle*. Karatasi ilikuwa imechafuka kuliko nilivyompa.

"Na hii mnaiitaje?" akauliza, kidole kikiwa juu ya uvimbe.

"Kifundo cha mguu," nikasema.

"Mguu tena?"

"Mguu tena, mzee."