Bibi mwenye masikio ya sungura

Juzi binti yangu kafukua lile boksi la viatu, lile lile nimehama nalo mara nne na sijawahi kulipanga, akatoka na karatasi yenye doa la chai. "Mama, mbona Bibi wa kwenye picha ya sebuleni hapa ana masikio ya sungura?"

Nikafungua mdomo nimwambie huyo siyo Bibi, kicheko kikanitangulia.

Karatasi ni ya Mwanakiza. Elfi wa gizani (elfi, kiumbe wa hadithi mwenye masikio marefu yenye ncha, siyo elfu ya hela), nilimtunga mwenyewe kipindi kile cha Milwaukee, Marekani, baridi ya 2015 kuingia 2016, nacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani, kila mtu anaigiza mtu wa hadithi na dadu ndiyo inaamua) na wale wana wa ghorofa ya chini. Kwao mchezo ule ni mtoto wa nyumbani kabisa, ulizaliwa 1974 Lake Geneva, hapo hapo Wisconsin. Mimi, niseme ukweli, nilifuata pizza na heater yao.

Kila mtu anatunga mtu wake. Nikapewa kitabu, nikafika kwenye drow, ndio hao elfi wa gizani, wanaishi chini ya ardhi, ngozi nyeusi kama jiwe lililosuguliwa, nywele nyeupe, jua linawaumiza macho, wanawake ndio wanaotawala, na mungu wao ni Lolth, malkia wa buibui. Nikarudia kusoma. Weusi ti, nywele pe, wanawake wanaamrisha nyumba nzima, na buibui juu yake? Jamani huu si ukoo wa bibi yangu! Bibi wa Tanga yule, hatoki hata kununua mchicha bila buibui lake la kamba. Nikajaribu kuwaeleza kwamba kwetu mdudu na vazi vinaitwa jina moja, wakatikisa kichwa kwa adabu tu. Kitu kilichobaki kikanikaa kooni, kitabu kilisema wengi wao ni waovu.

DM, yaani msimulizi anayeuongoza mchezo, akaniomba jambo moja, asiwe mpole mwenye huzuni na mapanga mawili, maana tangu Drizzt, yule drow mwema wa riwaya, atokee vitabuni 1988 kila mgeni anamtunga yeye yeye. Wala hakuwa na haja ya kuniomba. Mwanakiza wangu ana miaka 680, na elfi akijitahidi sana anafika 750 hivi, kwa hiyo ni bikizee. Hakukimbia uovu wa kwao, aligombana na dada zake kwa ajili ya nyumba ya urithi. Kazi yake bard, mwimbaji, na mi mwimbaji ninayemjua ni wa taarab, basi. Na bard ana uchawi mmoja wa kumwambia adui maneno mpaka anaumia kweli kweli, damu inapungua. Nikauandika kwenye karatasi: MPASHO.

Siku ninayoikumbuka ni Jumapili moja ya Januari, nje theluji imejaa na jua linapiga juu yake mpaka tumefunga pazia. Kwenye hadithi nako ilikuwa saa sita mchana. Tumetoka pangoni mbio na nyuma yetu akatoka kuhani wa Lolth. DM akashusha sauti, yule jamaa alijua kusimulia, akasema mwanamke huyu ni mweusi, mweusi kuliko usiku, nywele nyeupe kazifunga nyuma, uso hauna huruma. Mi namuona Bibi yuko mlangoni ananisubiri nimechelewa kutoka madrasa. Na pale kwenye "mweusi" jamaa wa kulia kwangu akanitupia jicho. Mara moja tu. Akalirudisha haraka kwenye karatasi yake akaanza kufuta, na hapakuwa na kitu cha kufuta. Nilikuwa nasikia kile kifutio kinavyosugua.

Zamu ikafika kwangu. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kwamba elfi wa gizani akipiga mshale juani anarusha dadu mbili anachukua ile ndogo. Nikarusha, kumi na nane na tatu. Tatu. Yule kuhani, drow mwenzangu, naye akarusha, naye jua linamuumiza vile vile, akakosa. Vikongwe wawili tumesimama juani tunapapasana. Raundi inayofuata nikasema mi napasha, maana mpasho hauhitaji shabaha, anayepashwa ndiye anarusha dadu ajiokoe. DM akauliza unamwambiaje? Sikuwa nimejiandaa, kilichonitoka ni maandishi ya kanga ya Bibi, kwa Kiswahili, mkono kiunoni: Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu.

Kimya. Kuhani akarusha, akapata nne. Haitoshi. Nikarusha kale kadadu ka pande nne, kale ukikakanyaga usiku unalia, kakaja tatu. Alikuwa amebakiwa na pointi mbili za uhai.

Walipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Wakataka tafsiri, nikatafsiri, ikapooza kama chai ya jana.

Usiku nikamtumia Bibi picha ya mchoro kwa simu ya shangazi, na voice note ndefu ya ushindi wangu. Asubuhi nikakuta jibu. Kwanza masikio, nani kanipa masikio ya punda. Pili, hao wanaokaa mapangoni ni majini, kama wa Amboni tu, niache kuwachezea. Halafu akanyamaza kidogo, namsikia anavuta pumzi, akasema, "Na huyo bibi mwenzangu uliyemuua, alikukosea nini?"

Mwaka 2020 wenye mchezo, Wizards of the Coast, walitamka kwamba drow na orc, viumbe wengine wa mchezo huo, walikuwa wanaelezwa kwa namna inayokumbusha mno jinsi watu wa kweli walivyodhalilishwa, na kwamba watawaandika upya, wema na wabaya kama watu wengine. Niliisoma kwenye basi nikasema haya, afadhali. Ila Bibi sikumjibu. Nilimtumia hela ya sukari na kaemoji ka kucheka.

Binti hajafika huko bado. Amechukua kalamu, anapaka masikio rangi ya pinki.