Vidonge vya mgongo vya Baba

Mwaka wa kumi na moja huu niko wodi ya upasuaji hapa Morogoro, na swali ninalomuuliza kila anayelazwa ni moja: nyumbani unameza nini? Nina sababu yangu.

Baba alifanyiwa operesheni ya ngiri akiwa na miaka 68. Jioni ganzi ya mgongo ilipoanza kuachia nilikuwa pembeni yake. Alikunja uso, akashika shuka, akanyamaza. Wazee wetu ndivyo walivyo, kulalamika mbele ya nesi wanaona aibu, wanavumilia mpaka jasho linawatoka. Na maumivu yakishapanda hivyo, kuyashusha ni kazi. Ndiyo maana dawa tunampa mgonjwa kwa saa, hatungoji aombe. Baba alipewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, miligramu 50 mara tatu kwa siku na panadol gramu moja kila baada ya saa sita. Zikienda pamoja zinasaidiana, hata mahitaji ya morfini yanapungua. Asubuhi alikohoa mkono ukiwa juu ya kidonda, akashuka kitandani, akatembea mpaka mlangoni. Kwa hilo dawa hizi nazipenda kwa dhati. Mgonjwa anayekohoa na kutembea mapema halali pale kungojea nimonia, wala damu kuganda miguuni.

Siku ya tatu akaruhusiwa. Siku ya sita Mama akanipigia: Baba ana kizunguzungu, na choo chake ni cheusi.

"Cheusi vipi, Mama?"

"Kama lami, mwanangu. Tena kinanata."

Nilipofika nikakuta kando ya redio bahasha ya dawa za hospitali, na chini yake vidonge vya rangi anavyonunua miaka yote duka la dawa kwa ajili ya mgongo. Nikaigeuza ile karatasi, nikasoma maandishi madogo ya nyuma: diklofenaki 50, parasetamoli 500. Alikuwa akimeza kimoja asubuhi, kimoja usiku, juu ya vile vya hospitali. Mwisho kwa siku ni miligramu 150 za diklofenaki. Baba alikuwa anameza 250. Kwake hizo zilikuwa dawa mbili, moja ya kidonda na nyingine ya mgongo, na jina la mbele lilikuwa jingine kabisa. Angejuaje?

Mwaka 1971 John Vane, mtafiti wa London, alionyesha kwamba aspirini na dawa za ukoo wake huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na kazi hiyo ilimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu pale palipokatwa. Lakini ndizo hizo hizo zinazolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Diklofenaki ni ya ukoo huo, na haichagui. Ikizizuia kidondani, imezizuia na tumboni.

Tumbo la Baba lilikuwa likivuja damu, ndiyo maana choo kikawa cheusi. Aliongezewa damu chupa mbili, akawekwa kwenye dawa ya kupunguza asidi, akapona. Mimi ndiye niliyechelewa kupona. Kwenye faili lake, pale penye dawa anazotumia, pameandikwa "hakuna", na mwandiko ni wangu. Nilimuuliza, "Baba, unatumia dawa yoyote?" Akajibu hapana. Hakunidanganya, vile vya mgongo kwake havikuwa dawa, ni vitu vya kununua tu kama chumvi.

Siku hizi nauliza vingine. Mgongo ukikuuma unanunua nini? Magoti je? Uliwahi kuambiwa una vidonda vya tumbo? Figo? Juzi bibi mmoja aliyekuwa anasubiri operesheni alinikatalia mara mbili kwamba hamezi kitu. Nilipofika kwenye magoti akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge vitatu vya rangi alivyovifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Hivi vya magoti tu, mwanangu."

Nikavipokea, nikamwandikia kwenye faili, nikaenda kumwita daktari.