Mwiko wa mabuyu

Kazi yangu ni mabuyu. Kila Alhamisi usiku, watoto wakishalala, natia sufuriani nusu kilo ya sukari kwa kila kilo ya ubuyu, maji kikombe, rangi nyekundu, iliki, vanila na pilipili kidogo, nachemsha mpaka shira ianze kuvuta uzi. Hapo namwaga ubuyu na kugeuza harakaharaka kabla haujashikana. Asubuhi mzigo unakwenda Lighthouse na kwenye vibanda viwili hapa Kibokoni, Mombasa. Mwiko nauramba mimi. Miaka 11 nauramba, na sijawahi kuuhesabu kuwa ni chakula.

Mwezi wa pili nilikwenda duka la dawa kumnunulia mama vijiti vya mashine yake ya kupimia sukari. Kijana wa pale akaniuliza, "Na wewe mama, ushakunywa chai? Nikupime?" Nilikuwa sijanywa. Akanidunga kidole: milimoli 6.4 kwa lita ya damu. Akanieleza kwamba mtu aliyelala bila kula akipatikana na 7 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikatoa vilevile, huo ni ugonjwa wa kisukari. Mimi nilikuwa mlangoni, sijaingia. Akauliza chai natia vijiko vingapi. "Viwili tu," nikamjibu, na hiyo "tu" niliitamka kwa maringo.

Nyumbani nina mizani ndogo ya kupimia pakiti. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Changu mimi, chenye mlima wake, kilisoma 7. Nikafuta mizani, nikarudia. 7. Vijiko viwili, vikombe vitatu kwa siku: gramu 42. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2015, linasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikibaki 25 ni bora zaidi. Chai peke yake ishanipitisha hiyo 25. Soda ya harusini, ile chupa ya mililita 300, ina zaidi ya gramu 30. Mwiko sikuupima. Niliogopa.

Mama, ambaye ana sukari mwaka wa 14 sasa, alinicheka. "Sukari ni ya kurithi, mwanangu. Babu yako alikuwa nayo na soda hakuijua."

Ana haki nusu. Damu ya ukoo ina mkono wake, na kijiko cha sukari hakimpi mtu kisukari leo kesho. Lakini sukari tunayotia kwenye chai ni vitu viwili vilivyoungana, glukosi na fruktosi. Glukosi inaingia damuni, kongosho linatoa insulini ya kuifungulia milango ya mwili. Fruktosi sehemu kubwa inapelekwa kwenye ini, na ikizidi kila siku ini linaigeuza mafuta. Kiuno kinaongezeka, ini linanenepa, na ile milango inaanza kuwa mizito kufunguka. Kongosho linasukuma insulini zaidi na zaidi, mpaka linachoka. Nilipomweleza hivyo mama alinyamaza kidogo, kisha akaomba chai.

Jirani yangu naye akaja na dawa: "Shoga, hamia asali." Asali ni sukari pia, na kwenye hesabu hiyo ya gramu 25 imo. Tena bei yake!

Nilipunguza nusu kijiko kila wiki. Mwanzo chai ilikuwa kama maji ya kuoshea iliki. Sasa natia kimoja, cha kusawazisha, na chai ya kwa watu naiona kama shira. Mahamri nayo nimetoka manne nikaja mawili, kwa hivyo kipimo cha mwezi wa tano, 5.9, siwezi kusema ni kazi ya sukari peke yake.

Kilichonishinda ni biashara. Nilijaribu mabuyu ya robo kilo ya sukari. Shira haikutosha kufunika, mengine yakatoka na mabaka meupe kama yamepigwa vumbi. Mtoto mmoja, mteja wangu wa kila siku, alirudi na pakiti imeliwa nusu. "Khala, ya leo mbona makali?" Mtoto huyo ana gego lililotoboka, bakteria wa mdomoni wanakula sukari na kutoa asidi, na ubuyu wenyewe ni mchachu, unakaa mdomoni muda mrefu. Najua. Nilimrudishia pesa yake.

Wiki iliyofuata nusu kilo ilirudi sufuriani, maana karo ya shule hailipwi kwa mabaka meupe. Ila sasa karibu na jiko naweka ndoo ya maji, na ubuyu ukishageuzwa mwiko unaingia humo mara moja, kabla sijabadili nia.