Nilipozungusha gurudumu la trimu

Leo tena Machi 10, na tangu asubuhi grupu yetu ya marubani imejaa mishumaa. Ndege ya Ethiopian 302, Boeing 737 MAX, Addis kuja Nairobi, 2019, dakika sita tu hewani halafu ikaanguka karibu na Bishoftu. Watu 157 wakafa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya wenzetu.

Mimi ikifika hii tarehe nakumbuka simuleta, ile mashine ya kufanyia mazoezi ya kurusha ndege. Ilikuwa mwaka uleule, tumeshamaliza mambo ya kawaida, injini kuzima, moto, nini na nini, nikamuomba mwalimu atupe zoezi la trimu ya mkono kwenye spidi kubwa, yaani kusogeza kwa mkono bawa la mkiani linaloinua au kushusha pua. Akaniangalia, akasema, "Haya, kazeni mikanda."

Kwenye 737, pembeni mwa throto, vile vishikio vya nguvu za injini, kuna magurudumu mawili meusi yenye mstari mweupe, hayo huzunguka yenyewe mota ikisogeza bawa la mkiani. Ukikata umeme kwa zile swichi mbili, unakunjua kishikio na kuzungusha mwenyewe. Basi mwalimu akashusha pua, akaacha spidi ipande. Nikakata swichi. Kapteni kavuta usukani kwa mikono miwili, viwiko vimembana mbavuni, mimi nimeshika kishikio. Kikasogea kidogo, kikagoma. Nikainuka nusu kwenye kiti nikakilalia kwa mwili wote, kiganja kinachubuka, kapteni anasema "Zungusha!" nami nasema "Haizunguki, Kapteni!" na namba za kimo zinashuka tu mbele yetu, kahawia, yaani ardhi, imejaa skrini nzima. Mwalimu akasimamisha kila kitu. Kimya. Nilikuwa nahema kama mtu aliyebeba gunia.

Akatueleza mbinu ya zamani: unalegeza usukani kidogo, pua inashuka zaidi, mkia unapungukiwa mzigo, ndipo unazungusha haraka. Lakini hiyo inataka kimo cha kuchezea, na wenzetu hawakuwa nacho.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema marubani wamesahau kurusha kwa mkono, roho inaniuma. Kapteni Yared Getachew wa Ethiopian 302 alikuwa na masaa zaidi ya 8,000 ya kurusha. Walikata zile swichi. MCAS, programu ya ndege hiyo inayoshusha pua yenyewe, ilikuwa inasikiliza kihisi kimoja tu, kile kilichoharibika, na marubani wa Lion Air, ndege ya aina hiyohiyo iliyoanguka Oktoba 2018, hawakuwa hata wameambiwa kwamba hiyo programu ipo. Halafu kuna Air France 447, 2009, kule otopailoti, mfumo unaorusha ndege wenyewe, ilijitoa yenyewe juu ya Atlantiki usiku, ikawaachia ndege mikononi, na watu 228 wakafa. Sasa utaegemea upande gani, mashine au mikono ya rubani?

Siku hizi hali ya hewa ikiwa safi namuomba kapteni nitoe otopailoti mapema tukishuka Mombasa, nirushe kwa mkono mpaka chini, na wengi wanakubali. Nadhani inasaidia. Ila kama mazoezi hayo yangetosha kwenye spidi ile, pua imeelekea chini vile, sina jibu, na mwalimu nilipomuuliza siku ile akasema hata yeye hana.